Hesabuni damu aliyoongezewa kabla ya kuandika vidonge vya chuma

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo kwa vitendo hapa Dodoma, karibuni. Nina jambo moja nisingependa mlijue kwa njia niliyolijua mimi.

Alikuja binti wa sikoseli na mama yake, wametoka Kondoa kwa basi la alfajiri. Damu 7, macho ya njano. Nikaandika vidonge vya kuongeza damu, kama nilivyozoea kuwaandikia wajawazito. Mama akafungua fundo la kanga, akatoa madaftari manne ya kliniki yaliyoshonwa pamoja kwa uzi mweusi. "Daktari, hivi tunapewa kila tunapokwenda." Tukakaa tukahesabu: alishaongezewa damu mara 26.

Uniti moja (mfuko mmoja wa damu) huingiza miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mwili hauna njia ya kukitoa kwa makusudi. Hupoteza miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Kinachobaki hujirundika kwenye ini, moyo na tezi. Nami nilikuwa naongezea juu yake. Damu 7 kwa binti yule ilikuwa hali yake ya siku zote. Hakupungukiwa chuma hata kidogo.

Kwa hiyo someni madaftari hadi ukurasa wa mwisho. Akishafikisha uniti 10 hadi 20, pimeni feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, lakini akiwa mzima, siku ya kliniki. Homa na maambukizi huipandisha, ikawadanganya. Ikizidi nanogramu 1,000 kwa mililita akiwa hana homa wala maumivu, mpelekeni kwa bingwa wa damu.

Ipo pia hemokromatosisi, ambapo utumbo hufyonza chuma kupita kiasi bila mtu kuongezewa damu. Ile ya jeni ya HFE huwapata zaidi wenye asili ya Ulaya kaskazini. Kwetu ni nadra. Ila mtu mzima mwenye kisukari, ini lililovimba na vifundo vya vidole vinavyouma, pimeni feritini pamoja na kiwango cha transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma. Kikizidi asilimia 45, fuatilieni. Tiba yake ni kumtoa damu, na inafaa zaidi kabla ini halijasinyaa.

Sikoseli na hemokromatosisi ya HFE ni magonjwa ya kurithi. Wazazi wote wakiwa wabebaji, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kurithi jeni yenye kasoro kutoka kwa wote wawili, basi ulizeni ndugu. Siku ile mama alikuwa na kichanga cha miezi mitano mgongoni. Nilishafunga faili. Nesi ndiye aliyeuliza, "Na huyu je, amepimwa?" Tukamchoma kisigino mchana uleule. Naye alikuwa na sikoseli. Akaanza penisilini ya kumkinga na maambukizi wiki hiyohiyo, hajawahi kulazwa hata mara moja.