Maswali Yenu ya Usafiri: Tuhesabu Watu Waliofika

Barabara yetu kuu ilipanuliwa kutoka njia nne hadi nane. Haijamaliza miaka mitatu, foleni imerudi. Je, iongezwe tena?

Hapana. Swali hili hunifikia kila mara, nami nitalijibu vile vile mpaka wapangaji wa miji wasikie. Barabara ikipanuka, watu hubadilisha safari zao. Aliyekuwa akiondoka alfajiri kukwepa msongamano huanza kuondoka wakati mmoja na wenzake. Aliyekuwa akipanda basi hutoa gari lake. Wenye viwanja huanza kujenga mbali zaidi, kwa kuwa sasa mjini ni karibu. Nafasi mpya inajaa, na kila mtu anashangaa.

Houston, Marekani, waliipanua barabara ya Katy Freeway hadi sehemu nyingine zikafika njia 26, ukijumlisha zile za pembeni. Kazi ilikamilika 2008, na miaka michache baadaye muda wa safari za asubuhi na jioni ulikuwa unapanda tena. Seoul, Korea Kusini, walifanya kinyume: mwaka 2003 walianza kuvunja barabara ya juu iliyopita juu ya kijito cha Cheonggyecheon, na kijito kikafunguliwa 2005. Mji haukusimama. Madereva walitafuta njia nyingine, saa nyingine, au wakapanda treni. Stockholm nao walijaribu kutoza magari yanayoingia katikati ya mji mwaka 2006. Yaliyovuka mpaka wa tozo yalipungua kwa karibu moja ya tano. Jaribio lilipokwisha yakaongezeka, na 2007 tozo ikarudishwa ikabaki.

Kama fedha zipo, msiongeze njia. Chukueni moja ya zilizopo mlipatie basi peke yake. Njia ya mjini iliyojaa magari yenye mtu mmoja mmoja haipitishi hata watu 2,000 kwa saa. Barabara za TransMilenio, mabasi yenye njia zao wenyewe huko Bogotá, Kolombia, zilizoanza mwaka 2000, zimewahi kupitisha abiria zaidi ya 40,000 kwa saa upande mmoja. Huko basi lina nafasi ya kulipita jingine kituoni, na nauli hulipwa kabla ya kupanda. Mkijenga njia ya basi halafu mkaweka mabasi machache, abiria watarundikana vituoni, na wapinzani watasema mfumo umeshindwa wakati haukupewa hata nafasi ya kuanza.

Magari ya umeme yataondoa foleni?

Hapana. Yatapunguza moshi na kelele. Nafasi barabarani yanachukua ile ile.

Kipi kina haraka zaidi, basi au treni?

Kwenda wapi? Umbali gani? Saa ngapi? Nimeshaomba mara nyingi kwamba anayeuliza swali hili aandike anakotoka, anakokwenda, na atabadilisha chombo mara ngapi. Bila hayo hakuna jibu. Ninachoweza kusema ni kwamba muda wa safari unaanza unapofunga mlango wa nyumbani, na kusubiri kumo ndani yake. Kwa safari ya kilomita 40, treni ya kilomita 200 kwa saa inayopita mara mbili kwa siku itakuchelewesha kuliko basi la kawaida linalopita kila dakika kumi. Viongozi hupenda sana kuzindua treni ya kasi. Sijaona aliyezindua basi la kila dakika tano, na hilo ndilo abiria wa kila siku analolihitaji.

Nasubiri basi nusu saa, kisha yanakuja matatu kwa mpigo. Madereva wanafanya makusudi?

Mara nyingi si makusudi. Basi la kwanza likichelewa kidogo, kituo kinachofuata huwa kimeshajaa watu zaidi, kwa hiyo linachukua muda mrefu kupakia na linazidi kuchelewa. La nyuma yake linakuta kituo kitupu, linapita haraka, linalifikia la mbele. Dawa inajulikana: milango yote ifunguliwe, nauli ilipwe nje ya basi, na msimamizi awe na mamlaka ya kulizuia basi la nyuma kwa dakika mbili hata abiria wakilalamika. Kumfokea dereva hakusaidii.

Lori langu huzidisha uzito kwa asilimia 20 tu. Kwa nini mizani wananisumbua?

Hiyo "tu" ndiyo inayoniudhi. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaounganisha magurudumu ya pande mbili. Maana yake, ekseli yenye mzigo wa ziada wa asilimia 20 huharibu barabara mara mbili hivi. Ukiongeza uzito maradufu, uharibifu unafika mara 16. Ekseli ya tani 10 huichosha lami kama mapito 10,000 ya ekseli ya tani moja. Barabara iliyojengwa idumu miaka 20 inakwisha katika nusu ya muda huo, na wanaolipia ukarabati ni pamoja na mwenye baiskeli.

Kuna pia jambo ambalo hukuuliza. Breki za lori zimepimwa kwa uzito ulioandikwa kwenye gari. Kwenye mteremko mrefu, mzigo wa ziada huzipasha moto mpaka zinaacha kushika, na wakati huo dereva hana la kufanya isipokuwa kupiga honi. Mzigo wa ziada uweke kwenye ekseli ya ziada au kwenye lori jingine. Na kama una shehena nzito inayokwenda mamia ya kilomita kila wiki, kwa nini haiko kwenye reli? Gurudumu la chuma juu ya chuma hupoteza nguvu kidogo mno kuliko tairi juu ya lami.

Kwa nini mizigo bado inapita baharini, polepole namna ile?

Kwa sababu hakuna chombo kinachobeba tani moja kwa gharama ndogo kama meli. Na tangu kontena lianze, kupakia na kupakua bandarini hakuli siku nyingi kama zamani: mwaka 1956 meli ya Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston na makontena 58, leo meli kubwa hubeba zaidi ya 24,000 ya futi ishirini. Anayetegemea njia moja tu ajihadhari. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama katika mfereji wa Suez siku sita, na mamia ya meli zikasubiri.

Daraja la waenda kwa miguu lipo, lakini watu wanavuka chini yake. Wakigongwa si wamejitakia?

Hawajajitakia. Umewahi kupanda ngazi zile ukiwa na mtoto mgongoni na mzigo kichwani? Mwenye kiti cha magurudumu je, au mzee wa magoti mabovu? Daraja la namna hiyo limejengwa ili gari lisipunguze mwendo. Mtembea kwa miguu ameambiwa azunguke. Gari la kilomita 50 kwa saa lina nguvu ya kugonga karibu mara tatu ya lile la kilomita 30. Kwa mwendo wa 30 wengi wanaogongwa huishi. Panapovuka watu wengi, weka kivuko cha usawa wa barabara chenye taa, matuta na kisiwa katikati cha kusimama, barabara ipunguzwe upana pale pale. Halafu hesabu waliovuka, si magari yaliyopita.