Kikopo cha mia tano ndicho kilichokuwa kinatumaliza

Kwa miaka mingi nilijiona mwanamke anayejua kubana matumizi. Mafuta ya kupikia nilinunua ya mia tano kila jioni kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, mkaa wa kopo, unga nusu kilo, sabuni ya kipakiti. Hakuna kinacholala, hakuna kinachoharibika. Siku moja Mangi akiwa hana wateja nikamwomba kile kikopo chake cha mafuta, nikajaza nacho maji kwenye chupa tupu ya lita moja. Vilikwenda vikopo kumi na vinne. Elfu saba! Lita nzima, dukani kwake huyohuyo, ilikuwa 5,500. Na kidumu cha lita 20 kwenye maduka ya jumla ya hapahapa Manzese, Dar es Salaam, kilikuwa 95,000, yaani lita moja 4,750.

Simlaumu Mangi, naye anakula kwa kikopo hicho. Lakini 95,000 kwa mkupuo naitoa wapi? Nyumba tunayopanga ina vyumba sita, na kila chumba jioni kilikuwa kinatoa mtoto mmoja na kikombe chake kwenda kupimiwa. Nikawaonyesha wenzangu ile chupa ya maji. Tukaanza wanne na kidumu kimoja, lita tano tano, na hadi leo sijui kwa nini hatukufanya hivyo siku zote.

Baada ya mafuta tukaingia kwenye mchele. Soko la Tandale haliko mbali nasi, na nafaka ndiyo kazi yake. Safari yetu ya kwanza mchele ulikuwa 2,800 kilo moja mtaani. Kule, kwa mzigo mkubwa, 2,300. Tulichukua kilo 100, bajaji ikala 6,000, tukagawana watano. Kila mmoja alibaki na 8,800 mkononi. Si utajiri, lakini kwangu ilikuwa nauli ya daladala ya wiki nzima, kwenda na kurudi.

Ukienda sokoni hivyo, usikubali bei ya gunia. Gunia ni jina tu. Kuna lumbesa lililofura mpaka limeshonewa kofia, na kuna gunia lililolegea kama mtu aliyefunga bila daku. Uliza bei ya kilo, mzigo upande mizani mbele yako, na utazame kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo. Kisha mwambie muuzaji achome bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea punje ndani ya gunia, katikati na chini, maana mdomo wa gunia kila mtu anajua kuupamba. Zitafune punje mbili tatu. Punje kavu inalia chini ya jino. Ikikatika kimya, mchele una unyevu, na baada ya wiki chache chumba kizima kitanuka uvundo.

Bambo nimejifunza baada ya kuumia, na aliyeniumiza si mchele, ni vitunguu. Masika mwaka fulani nilitumwa na wenzangu Ilala kununua gunia la vitunguu. Vya juu vilikuwa vikubwa, vyekundu, vinang'aa. Nikalipa, nikapakia. Nyumbani tulipomwaga kwenye turubai, katikati yote ilikuwa imelowa na kutoa maji meusi. Karibu theluthi tulitupa. Mmoja wetu alitaka arudishiwe hela yake yote, mwingine akanyamaza, na kunyamaza kwake kuliniuma zaidi. Nilifidia nusu mfukoni mwangu, nusu tukaibeba wote. Tangu siku hiyo tuna sheria mbili: wanakwenda wawili, na hasara ya sokoni ni ya wote. Bila ya pili hakuna atakayekubali kutumwa. Na vitunguu vya wakati wa mvua tunavimwaga palepale sokoni. Muuzaji akikataa, tunahamia meza ya pili.

Hela inatoka kwanza, mzigo baadaye. Hili halina "jirani, nitakupa jioni." Tuna kijumbe, dada yuleyule anayetushikia mchezo, na anaandika kwenye daftari kila mtu ameweka ngapi. Tunampa mkononi, hatutumi kwa simu, kwa sababu makato ya kutuma na kutoa yanakula kilekile tunachokihangaikia.

Ila kulikuwa na bibi wa chumba cha uani, anauza karanga za kukaanga. Yeye hapati hela ya mwezi, anapata ya siku, na ya siku inaisha siku hiyohiyo. Kumwambia alete mgawo wake wote tarehe moja ni kumfukuza kwa heshima. Na kwa kweli ndiye aliyekuwa analipa ghali kuliko sote, maana alikuwa ananunua mchele wa robo. Tulichofanya: mwezi wa kwanza tulimkopesha mgawo wake kutoka kwenye chenji ya safari zilizotangulia. Kwa kuwa chakula kilikuwa tayari ndani, ile hela ya robo ya kila siku akawa anampa kijumbe, mia tano leo, mia saba kesho. Mwezi ulipoisha alikuwa amelipa deni na kubakiza kidogo. Nyumba yako ikiwa na mtu wa kipato cha siku, anza naye hivyo. Usimhubirie kuweka akiba akiwa na njaa.

Samaki ni habari nyingine. Feri mnada ni wa alfajiri, na mnadani hununui samaki watatu, unanunua ndoo au fungu zima, ushindane na akina mama wa kukaanga ambao mkono wao hautetemeki. Tunakwenda Jumamosi mara moja kwa mwezi, vibua au changu, maana wengi wetu hatuna friji. Tabu si kununua, tabu ni kugawa. Huyu kapata wakubwa, yule kapata wenye macho mekundu. Sasa tunapanga mafungu chini, mtoto anageuzwa mgongo, mmoja anagusa fungu na kuuliza, "La nani hili?" Mtoto anataja jina. Basi. Ukinuna, mnunie mtoto. Na aliyepanga mafungu anachukua linalobaki mwisho, kwa hiyo utaona jinsi anavyoyapanga kwa uangalifu.

Lakini si kila kitu kinafaa kushirikiana, na umeme ndio uliotufundisha. Nyumba yetu ilikuwa na mita moja ya LUKU kwa vyumba vyote sita. Bei za TANESCO zilikuwa hivi: mtumiaji mdogo wa nyumbani, uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, akizidi hapo, 350. Anayezidi mara kwa mara anahamishiwa kundi la 292 kwa kila uniti. Vyumba sita, pasi, feni, na friji ya jirani anayeuza barafu, uniti 75 zinaisha kabla mwezi haujafika katikati. Jamaa wa nyumba ya pili, mwenye mita yake peke yake, akiweka elfu moja alikuwa anapata uniti nane na ushee. Sisi elfu moja hiyohiyo ilileta mbili na ushee, halafu tukabaki tunachunguliana nani kawasha pasi. Kama mwenye nyumba wako anasikiliza, ombeni mita zitenganishwe, hata kama mtachangia gharama. Wetu alituzungusha mwaka mzima kabla ya kukubali mita ya pili. Ugomvi haujaisha, lakini mwenye friji sasa yuko upande wa pili wa ua na mita yake.

Mitumba nitasema kwa kifupi kwa sababu kila mtu anajiona fundi. Kwenda Karume na jirani ni raha, ila kubalianeni kabla ya kushuka kwenye daladala nani anatafuta nini. Mkishika blauzi moja watu wawili na kuisifia, muuzaji amesikia, na bei mmeipandisha wenyewe. Mmoja asifie, mwingine atafute doa. Kagua kwapani, zipu na pindo. Mkiwa na vipande sita au saba kutoka meza moja, ndipo mseme, "Tufanyie ya jumla, kaka." Mkianza na hilo kabla hamjachagua, hatawasikiliza.

Sare za shule hatununui hovyo siku hizi. Desemba, kabla mtu hajafika dukani, kila chumba kinatoa zilizobana watoto na kuziweka kwenye mkeka wa bibi, anayetaka anajaribisha. Mwaka jana nilinunua soksi tu.