Andika Ulichokiona: Ushauri kwa Muuguzi Anayeanza Kazi Wodini

Anayetaka kujua kama wodi inafuata viwango vya taaluma asianze na mabango ya maadili yaliyobandikwa ukutani. Achukue chati za wagonjwa waliolala humo na asome safu ya upumuaji peke yake. Ikiwa kila mgonjwa, yule wa nimonia na yule aliyevunjika mguu, ameandikiwa 20 asubuhi, mchana na usiku, basi hakuna aliyehesabu. Nimefanya kazi katika wodi za watu wazima na za watoto hapa Mwanza kwa miaka mingi, na kati ya mambo yote ambayo ningemwambia muuguzi mgeni kazini, la kwanza ni kwamba asiandike kwenye faili la mgonjwa jambo ambalo hakuliona kwa macho yake au hakulifanya kwa mikono yake.

Naanza na pumzi kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko vipimo vingine. Joto lina kipimajoto na presha ina mashine, lakini pumzi inamtaka muuguzi asimame kitandani dakika nzima akitazama kifua, na katika zamu yenye wagonjwa wengi dakika hiyo huonekana kuwa anasa. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mgonjwa anapoanza kudhoofika, mara nyingi idadi hiyo ndiyo hupanda kwanza, presha ikiwa bado inaonekana nzuri, na kwa mgonjwa aliyetoka upasuaji akiwa amepewa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, idadi hiyo inaweza kushuka bila yeye kulalamika chochote. Kwa watoto hesabu ni tofauti: mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayefikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 anayefikisha 40, anapumua haraka kupita kiasi, na aliyeandikiwa 20 ya kukisia amenyimwa nafasi ya kuonekana mapema. Shika kifundo cha mkono wa mgonjwa kana kwamba bado unahesabu mapigo ya moyo, kisha hesabu pumzi, kwa maana mtu akijua anatazamwa hubadilisha anavyopumua. Uwe na saa yenye mshale wa sekunde, hata ile ya bei ndogo ya soko la Makoroboi. Simu haifai sana kwa kazi hii, kwani huingia na kutoka mfukoni siku nzima bila kusafishwa.

Jambo la pili ni jina. Shuleni tunafundishwa kwamba dawa itolewe kwa mgonjwa sahihi, iwe dawa sahihi, kwa dozi sahihi, kwa njia sahihi na kwa wakati sahihi, na wengi wetu huona kwamba hilo la mgonjwa sahihi ndilo rahisi kuliko yote. Katika Kanda ya Ziwa si rahisi hata kidogo. Pacha wa Kisukuma huitwa Kulwa na Doto, anayezaliwa baada yao huitwa Shija, na kwa kuwa majina hayo yamekuwa pia majina ya baba na ya babu, si ajabu kukuta wodi moja ina akina Kulwa wawili na Shija kadhaa. Ukisimama katikati ya wodi na kuuliza, “Wewe ndiye Kulwa?” mzee mwenye homa ataitikia kwa heshima tu, kwa sababu nesi amemsemesha. Muulize, “Baba, unaitwa nani, na jina la baba yako ni nani?” kisha linganisha jibu lake na faili kabla hujafungua kichupa cha dawa. Namba ya kitanda usiitegemee, kwani wagonjwa huhamishwa vitanda usiku na hakuna anayekumbuka kubadilisha karatasi.

Makabidhiano ya zamu nayo yafanyike kitandani kwa mgonjwa, wauguzi wote wawili wakiwa wamesimama, wala si mezani huku anayeondoka ameshabeba mkoba. Chukua mfano wa mtoto mwenye malaria kali aliyechomwa atesuneti ya kwanza saa nane mchana. Sindano ya pili ni baada ya saa 12, yaani saa nane usiku, na ya tatu ni saa nane mchana wa kesho yake, kwa hiyo huenda sindano hizo zikaangukia mikononi mwa wauguzi watatu tofauti. Muuguzi wa usiku akiambiwa tu kwamba “anaendelea na dawa”, hana saa ya kushika. Saini iwekwe baada ya dawa kuingia mwilini. Kuna mazoea ya kusaini chati zote mwanzoni mwa zamu ili kuokoa muda, nami nayahesabu kuwa ni udanganyifu, hata pale ambapo kila dawa inaishia kutolewa.

Kuhusu mikono sina mengi ya kuongeza: safisha kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula (mrija wa kupitishia dawa kwenye mshipa), baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka mgonjwa. Glovu haziondoi wajibu huo. Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko chake, na kisanduku cha sindano kibadilishwe kinapofika robo tatu.

Zipo zamu ambazo kazi inamzidi mtu, na hakuna ushauri unaoweza kuficha ukweli huo. Katika zamu ya namna hiyo anza na waliotoka upasuaji, wanaowekewa oksijeni na waliolazwa siku hiyo hiyo. Ambaye hukumfikia, andika kwamba hakupimwa na ueleze sababu, kisha umjulishe kiongozi wa zamu. Baadhi ya viongozi hukasirika wakiona nafasi tupu. Hata hivyo, nafasi hiyo yenye maelezo humpa muuguzi kiongozi hoja anapokwenda kwa mganga mfawidhi kuomba watumishi, ilhali chati iliyojazwa kwa kukisia inaonyesha kwamba waliopo wanatosha.

Limebaki suala la lugha, ambalo wageni wanaotoka mikoa mingine huliona dogo. Bibi aliyetoka vijijini Kwimba au Magu anaweza kujibu “ndiyo” kwa kila swali la Kiswahili bila kuwa ameelewa. Jifunze angalau kumwamkia “mwangaluka, mayu” asubuhi, kwani sura yake itafunguka, lakini salamu haitoshi kupata idhini ya upasuaji wala kueleza dawa. Tafuta mtumishi mwenzako anayejua Kisukuma, hasa pale mazungumzo yanapohusu virusi vya UKIMWI, uzazi au jambo lolote ambalo mgonjwa asingependa mjukuu wake alisikie. Siku ya kuruhusiwa, kama anakwenda nyumbani na dawa mseto ya malaria, mweleze kwamba dozi ya pili ni baada ya muda wa saa 8 tangu ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, na kwamba ameze pamoja na chakula au maziwa. Halafu nyamaza, umwombe akueleze yeye jinsi atakavyomeza. Akikosea, rudia. Akipatia, andika kwenye faili maelezo aliyoyatoa mwenyewe, pamoja na jina la aliyewatafsiria.