Swali la lugha: seli hazitandazi kitu

"Shikamoo mwalimu. Nasoma uuguzi huku Mafinga. Kwenye notsi tumeandikiwa 'mifereji ya potasiamu katika seli zinazotandaza njia za hewa'. Je, tuseme mifereji au chaneli?"

Marahaba, na kamwene. Sema chaneli. Mfereji watu wa Mbarali wanaujua, unapitisha maji, tope na vyura bila kumuuliza mtu, wakati chaneli ya potasiamu, kijilango kwenye seli, inaipitisha potasiamu na kuikatalia sodiamu, japo sodiamu ndo ndogo. Ila ukiandika mfereji sitagombana na wewe, nimeshachoka, na neno potasiamu lenyewe ni mgeni, limetokana na Kiingereza "potash", yani majivu ya chungu, basi tusonge.

Kilichonipandisha presha ni hilo "zinazotandaza". Jamani! Kutandaza lazima uwe na kitu cha kutandaza. Mama hapo Mafinga anatandaza mahindi kwenye turubai, anayageuza, anafukuza kuku, wingu likijikusanya tu anaita watoto wayaokote mbio mbio. Sasa seli zinazotandaza njia za hewa maana yake zimekuchomoa njia zako za hewa zikazianika juani, saa sita zinazigeuza, jioni zinazikunja na kuziingiza ndani, na wewe muda wote huo unapumulia wapi sijui, na kuku nao hatujawaongelea.

Neno ni kutanda. Asubuhi ukungu umetanda milima ya Uporoto, hujasikia mtu anasema umetandaza Uporoto. Seli nazo zimetanda ndani ya njia za hewa, toka puani mpaka kwenye mapafu. Hata utando wa seli, ambamo hizo chaneli zimekaa, umezaliwa na kutanda huyohuyo, yani mwandishi wa notsi jibu alikuwa nalo mkononi!

Na tukiwa hapohapo, msiniambie chaneli "inasukuma" potasiamu. Anayesukuma ni pampu ya seli, inaingiza ndani chembe 2 za potasiamu na kutoa 3 za sodiamu, na inakula nguvu. Chaneli kazi yake kufunguka tu, potasiamu iliyojazana ndani inatoka yenyewe na chaji yake chanya kwenda upande wa damu, ndani ya seli panazidi kuwa hasi, kloraidi nayo ni hasi kwa hiyo haikaliki, inatokea upande wa hewa kwa chaneli zake, maji yanafuata, ute unabaki mwepesi na vile vijinywele vinaupandisha mpaka kooni. Potasiamu isipotoka, kloraidi inazubaa ndani na ute unakuwa mzito.

Kwa hiyo andika "chaneli za potasiamu katika seli zilizotanda ndani ya njia za hewa". Mkufunzi akikukata maksi kwa sababu ya chaneli, muandikie mifereji upate maksi zako. Kutandaza usikubali.