Aliyenifundisha kusali ndiye aliyekula fedha za wajane

"Shangazi, shikamoo. Mzee aliyenifundisha kusali nikiwa msichana mdogo ndiye mweka hazina wa mfuko wa wajane na yatima kwenye nyumba yetu ya ibada. Mwezi uliopita tumegundua kuwa kwa muda mrefu amekuwa akichota fedha za mfuko kwa shughuli zake. Mimi nilikuwa mtia saini wa pili. Alikuwa ananiletea hundi hazijajazwa kiasi, natia saini, kwa sababu ni yeye. Viongozi wametuita wakatuambia tunyamaze, tusiiaibishe nyumba ya Mungu, atarudisha pole pole. Siku alipoinamisha kichwa mbele yetu nilisikia raha moyoni, halafu nikaiogopa raha ile. Binti yangu wa miaka 12 ameniuliza: 'Mama, kwani siku zote alikuwa anaigiza?' Sikuwa na jibu. Kwa kweli nimejifunza kwamba dini haimbadilishi binadamu, inamvika kanzu tu. Naona bora niache kwenda. Unasemaje?"

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Aliyekuumiza ameingia mpaka kwenye sala zako. Nadhani siku hizi kila ukianza kuomba unaisikia sauti yake. Hukunitajia dini yako nami sikuulizi. Nitagusa Biblia na Kurani pia, kwa kuwa katika hili lako vitabu hivi vinakaribiana mno.

Nianze na swali la binti yako, maana ndilo zito kuliko yote. Mwambie huenda hakuwa anaigiza hata kidogo. Mtu anaweza kusali asubuhi kwa machozi ya kweli, na jioni akachukua kisicho chake, na yote mawili yakawa yake. Mtume Paulo aliliandika jambo hili juu ya nafsi yake mwenyewe katika Warumi sura ya 7: lile jema alipendalo halitendi, na lile baya asilolipenda ndilo alitendalo. Katika sura ya Yusuf, aya ya 53, Kurani inasema nafsi ni yenye kuamrisha sana maovu, isipokuwa ile ambayo Mola ameirehemu. Vitabu vyote viwili vinawaambia haya waumini.

Msimulie pia kisa cha mfalme Daudi na nabii Nathani, na umsimulie taratibu, kwa sababu utamu wake umo katika namna Nathani alivyolileta jambo. Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria, askari wake, kisha akaagiza Uria apangwe mbele kabisa vitani, penye mapigano makali, ili auawe. Nathani alipomwendea hakuanza kumshutumu. Alimpa habari ya tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi, aliyepata mgeni, akaona uchungu kuchinja mnyama wake, akamnyang'anya jirani maskini mwanakondoo wake mmoja tu, aliyelelewa nyumbani na watoto, akila chakula cha mwenyewe na kulala kifuani pake. Daudi aliwaka hasira, akaapa kwamba mtu huyo anastahili kufa. Na hasira ile haikuwa ya kuigiza! Alichukia dhulma kwa moyo wote, ila hakuitambua pale ilipokuwa ya kwake. Ndipo Nathani akamwambia: "Wewe ndiwe mtu huyo."

Mimi naamini hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo dini imewahi kumfundisha mtu juu ya binadamu. Jicho letu la haki ni kali likitazama nje, na likigeukia ndani linaingia ukungu. Na kulijua andiko hakuliondoi ukungu huo. Mwaka 1973 watafiti wawili wa saikolojia, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia cha Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa jengo jingine kutoa hotuba fupi, na njiani wakamweka mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Wengine hotuba yao ilihusu mfano wa Msamaria Mwema wenyewe, yule wa kwenye Biblia aliyemsaidia majeruhi njiani. Walioambiwa wana nafasi ya kutosha, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kwenda kumhubiri Msamaria hakukuleta tofauti ya maana iliyoweza kuthibitishwa. Haraka ndiyo iliyoleta. Sikuelezi haya ili umdharau mchungaji, sheikh au mwanafunzi yeyote wa dini. Nakueleza ili uone kwamba mtu mwema, akiwekwa mahali pabaya, anahitaji zaidi ya wema wake.

Sasa nakuja kwako. Kuna sentensi umeipita mbio: "natia saini, kwa sababu ni yeye." Nimeirudia mara kadhaa, na moyo umeniuma kwa ajili yako, kwani ndani yake naona heshima, mapenzi na malezi mema. Lakini heshima hiyo ilimwacha mzee wako peke yake na fedha, mwaka baada ya mwaka, bila jicho la pili. Saini ya pili iliwekwa kwa ajili ya siku ambayo moyo wake ungetetereka. Ulipoiweka kwenye hundi tupu, ulimnyima ulinzi huo, na wajane ukawanyima pia.

Wala usidhani ulinzi huo ni mambo ya wahasibu yaliyoingizwa kwenye dini. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni: mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika deni, liwe dogo au kubwa. Hebu fikiri, aya ndefu kuliko zote ni ya maandishi na mashahidi! Naye Paulo, alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakutaka fedha zile zipite mikononi mwake peke yake. Katika 2 Wakorintho sura ya 8 anaeleza kwamba pamoja na Tito anamtuma ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya fedha hizo, na anasema wanaangalia yaliyo mema mbele ya Bwana na mbele ya wanadamu vilevile. Mtume huyo! Hakusema, "niaminini, mimi ni mtume."

Kwa hiyo unaponiambia dini inamvika binadamu kanzu tu, siwezi kukubaliana nawe. Dini yako ilikwambia mapema binadamu alivyo, ikaacha na maagizo ya kumkinga asianguke na kumwinua akianguka. Ninyi hapo mliona ni utovu wa adabu kuyatumia kwa mtu mliyempenda.

Kuhusu viongozi nitasema kwa ufupi: wamekosea. Nyumba ya Mungu iliaibishwa siku fedha za yatima zilipochotwa, na kunyamaza hakurudishi hata senti. Kurani, sura ya An-Nisaa aya ya 135, inaamuru watu wasimame na uadilifu hata dhidi ya nafsi zao, wazazi na jamaa zao. Na kisa cha Daudi hakikufichwa. Kimo ndani ya kitabu kitakatifu, kinasomwa mpaka leo.

Ile raha uliyoisikia alipoinamisha kichwa, usiifanye kubwa kuliko ilivyo. Wengi wetu tukimwona aliye juu yetu ameporomoka, kuna kitu kinachekelea ndani. Nadhani wewe uliona nafuu pia: kosa limepata mwenyewe, na macho yote yako kwake. Uliiogopa raha ile, na hofu hiyo ndiyo inayonipa matumaini juu yako. Katika sura ya 75 ya Kurani, Mwenyezi Mungu anaapa kwa nafsi inayojilaumu. Kitu kinachoapiwa hivyo si cha kudharauliwa.

Je, uache kwenda? Mimi nakuomba usiamue sasa. Ukiondoka leo utakuwa umeondoka kabla hujasema sehemu yako, na utakwenda nayo popote utakapokwenda, iwe nyumba nyingine ya ibada au nyumbani kukaa. Waandikie viongozi barua. Eleza kwamba ulitia saini hundi ambazo hazikujazwa, taja zile unazozikumbuka, na uombe taarifa za benki za mfuko zikaguliwe na mtu asiye wa kamati yenu. Weka nakala. Wape muda unaoeleweka wa kujibu. Wakikataa, wajane wenyewe wana haki ya kujua na kufika kwenye vyombo vya sheria, na wewe uwe shahidi wao. Najua kuna watakaokuita msaliti, na huenda ukaulizwa maswali magumu kuhusu saini zako. Ni afadhali uyajibu ukiwa umeyaleta mwenyewe. Hilo likishakamilika ndipo ujiulize kama moyo wako bado upo pale. Ukiona haupo, ondoka kwa amani, nami sitakulaumu.

Mzee usimwendee peke yako kabla ya hesabu kukamilika, hata akikuita kwa machozi. Mnapendana, na mkikutana sasa mtaishia kusameheana fedha ambazo si zenu. Baada ya hapo mtembelee. Mshukuru kwa sala alizokufundisha, kwani zile zilikuwa njema na bado ni zako, na mwambie wazi alivyokuumiza.

Binti yako naye mweleze kuhusu hundi. Ana miaka 12, ataelewa. Atauliza kwa nini ulifanya hivyo, nawe mjibu kama ulivyonijibu mimi: kwa sababu alikuwa yeye.