Facebook 62,000, YouTube 4,100: tuhamishe pesa?

Swali: Nashughulikia mitandao ya mwaniaji wa kiti cha MCA (mjumbe wa bunge la kaunti), wadi ya Mtopanga, Kisauni, Mombasa. Tulilipia video moja ya sekunde 44 kwa wiki 1, KSh 15,000 Facebook na KSh 15,000 YouTube. Facebook inaonyesha video ilichezwa mara 62,000 kwenye safu ya sekunde 3, YouTube inasema imetazamwa mara 4,100. Mheshimiwa anataka pesa zote ziende Facebook. Yuko sawa? Na mbona wanaoandika maoni wengi si wa wadi yetu?

Jibu: Msihamishe chochote kwa sasa. Namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja, na mkizilinganisha hivyo Facebook itashinda kila wiki hata kama hakuna aliyesikia sera moja ya mwaniaji wenu.

Kwenye Facebook video huanza kucheza yenyewe mtu akiwa anateremsha ukurasa, mara nyingi bila sauti. Sekunde 3 zinaweza kuwa ni kidole kilichosita tu. YouTube, kwa tangazo linaloweza kurukwa, haimhesabu mtazamaji mpaka afikishe sekunde 30 (au mwisho, kama video ni fupi kuliko hapo) au abofye. Kwa hiyo Facebook inawapa waliochungulia, YouTube inawapa waliokaa.

Kipimo kinachokubali kulinganishwa ni robo za video: 25%, 50%, 75% na 100%. Pande zote mbili wanazo, lakini lazima uziongeze mwenyewe kwenye safu za ripoti. Kwa video yenu, 75% ni sekunde ya 33, Facebook na YouTube vilevile. Angalizo moja: Meta, kampuni ya Facebook, huandika idadi ya waliofika hapo, Google Ads, mfumo unaouza matangazo ya YouTube, huandika asilimia ya mara tangazo lilipoonyeshwa. Igeuze asilimia hiyo iwe idadi kwanza. Tuseme Meta inaonyesha 1,900 kwenye 75%: 15,000 gawanya kwa 1,900 ni karibu KSh 7.90 kwa kila mmoja. Tuseme YouTube lilionyeshwa mara 16,000 na 75% inasoma 24%: hao ni 3,840, yaani KSh 3.90 hivi. Weka namba zenu halisi ndipo uende kwa Mheshimiwa.

YouTube nayo ina udanganyifu wake. Kuna miksi za muziki za saa nzima zinazochezwa kwenye runinga ya kinyozi au simu iliyofunikwa mezani, na hapo hakuna mtu wa kubonyeza Skip. Fungua ripoti ya mahali matangazo yalipoonekana, na ukikuta chaneli za namna hiyo zimekula bajeti, zitoe moja moja. Ondoa pia alama kwenye washirika wa video wa Google, yaani tovuti na programu nyingine nje ya YouTube. Kwa kampeni ya wadi sioni wanachowaongezea.

Namna ya kulipishwa nayo ni tofauti, na hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Meta kwa kawaida hukutoza kwa kuonyeshwa, kwa hiyo hata aliyepita bila kutazama umemlipia. YouTube, ukichagua kampeni inayolipia kutazamwa, anayeruka baada ya sekunde 5 hakugharimu kitu. Basi sekunde 5 hizo zitumieni: uso, jina kama litakavyosomeka kwenye karatasi ya kura, wadi na alama ya chama, vyote kabla ya sekunde ya 4. Nembo inayozunguka kwa muziki mwanzoni ikatwe. (Kampeni ya YouTube ya kufikia watu wengi iwezekanavyo hutoza kwa kila kuonyeshwa mara 1,000, na huko faida hii haipo.) Kwa Facebook, maneno yaandikwe juu ya picha, maana wengi hawataisikia sauti. Kata toleo la wima la 1080 kwa 1920, na uache 14% ya juu na 35% ya chini bila maandishi, kwa sababu vitufe vya Reels, zile video fupi za wima, hukaa hapo. Ile ya mlalo ya YouTube ukiipachika kwenye simu iliyosimama, uso wa mwaniaji unakuwa mdogo kama stempu.

Sasa wageni kwenye maoni. Kwa upande wa Google, anza na mpangilio wa eneo. Bila kuguswa, huwachukua waliopo mahali hapo *pamoja na* wanaoonyesha kupendezwa napo. Mtu aliye Doha anayetafuta habari za Mombasa anaingia humo. Chagua waliopo tu. Mkenya aliye ng'ambo, hata akiwa amejiandikisha huko, humpigia kura rais peke yake, MCA hamchagui. Kwa upande wa Meta, kosa la kawaida ni duara kubwa. Duara la kilomita 5 kutoka Mtopanga linameza Bamburi, hoteli za ufuoni na sehemu ya Nyali. Tumia maduara madogo kadhaa ya kilomita 1, kisha weka mengine ya kutenga yale maeneo ya nje. Hata hivyo usitarajie mstari wa mpaka wa wadi: mahali pa simu hukadiriwa, na anayepita kwa matatu anaweza kuhesabiwa. Lugha usiiguse. Ukichagua Kiswahili, unawaacha wote wanaozungumza Kiswahili lakini simu zao zimewekwa Kiingereza, na hao ndio wengi.

Kama mlitumia kitufe cha Boost, kile cha kulipia chapisho moja kwa moja kwenye ukurasa, achaneni nacho. Mara nyingi humtafuta mtu wa kupenda na kuandika maoni, si wa kutazama. Ingia Ads Manager, sehemu ya Meta ya kusimamia matangazo, chagua lengo la ThruPlay, yaani sekunde 15 au video nzima ikiwa fupi zaidi. Msigawe KSh 15,000 katika makundi 6 ya umri na mtaa. Mfumo wa Meta unahitaji matokeo kama 50 kwa kila kundi ndani ya siku 7 ili utulie, na kila ukibadilisha bajeti kwa kiasi kikubwa au walengwa, unaanza kujifunza upya. Makundi 2 yanatosha.

Uidhinishaji ushughulikieni wiki kadhaa kabla. Kwa matangazo ya siasa Meta inataka anayeyaweka athibitishe kitambulisho, awashe uthibitisho wa hatua mbili, na atengeneze maelezo ya nani kalipia. Lazima pia awe Kenya. Binamu aliye Dallas anayewasaidia usiku atakataliwa hata kama ndiye msimamizi wa ukurasa. Tangazo likitoka bila maelezo hayo husimamishwa na kubaki kwenye Maktaba ya Matangazo, hifadhi ya Meta iliyo wazi kwa wote, likiwa na alama ya kukosa maelezo, kwa miaka 7, wapinzani wakilisoma.

TikTok msiipangie bajeti: haiuzi matangazo ya siasa tangu 2019, na kumlipa mtayarishaji maarufu awasifie nako kumekatazwa. WhatsApp Business nayo haiwaruhusu wagombea na vyama. Kinachobaki ni makundi ya kawaida ya WhatsApp ya mtaani. Huko video iliyokwisha kusambazwa mara nyingi hutumwa kwa gumzo moja tu kwa wakati, kwa hiyo wapeni waratibu wa mitaa faili asili kila mmoja, badala ya kufowadi ile ile. Iwe ndogo pia. Watu hawachomi bando kwa megabaiti 60 za siasa.

Jambo la mwisho ni saa za akaunti. Kampeni lazima zikome angalau saa 48 kabla ya kura. 2022 zilikoma Agosti 6 na kura ikapigwa Agosti 9. Meta na Google hawatakuzimia, kwa hiyo andika tarehe na saa ya mwisho kwenye kila tangazo. Lakini kwanza tazama saa za eneo. Akaunti iliyofunguliwa kwa saa za Los Angeles ukiiambia iishe saa kumi na mbili jioni, kwa Mombasa mwezi Agosti itazima saa kumi alfajiri ya siku inayofuata.