Aota Imetanuka: Upasuaji Upi?

*Mwanangu ana miaka 22, ana ugonjwa wa Marfan. Eko (kipimo cha picha ya moyo) imesoma upana wa aota milimita 47 na wanataka apasuliwe, ila haumwi popote. (Mama, Ujiji)*

Shikamoo mama. Aota ni mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo. Kwa wenye Marfan, ugonjwa wa kuzaliwa nao unaodhoofisha nyuzi za mwili, nyuzi za mshipa huu ni dhaifu, hivyo hutanuka kimyakimya hadi siku unachanika. Kwa kawaida hupasuliwa ukifika milimita 50, lakini kama kuna ndugu aliyewahi kuchanika, au unatanuka haraka, hawasubiri kupita 45. Ndiyo maana watakuuliza baba yake alifariki vipi. "Alianguka ghafla shambani" ni jibu zito, usiliache nyumbani.

*Nina miaka 24, nimeolewa juzi. Nimetajiwa upasuaji wa Bentall na wa David. Nichague ipi? (Kasulu)*

Bentall, iliyoanza 1968, hukata aota iliyotanuka pamoja na vali (mlango unaozuia damu isirudi kwenye moyo), kisha huwekwa bomba la kitambaa lenye vali ya bandia. Ile vali ngumu, ambayo usiku chumba kikitulia unaisikia ikilia tiki-tiki kama saa, hudumu sana. Gharama yake ni warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku hadi mwisho wa maisha, na damu kupimwa mara kwa mara. Warfarin inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

David hubadilisha mshipa tu, na vali yako mwenyewe hushonewa ndani ya bomba. Hakuna warfarin ya maisha. Lakini sharti vali iwe bado nzima na daktari awe mzoefu wa upasuaji huo, na wapo wanaorudi mezani baada ya miaka. Kwako bibi harusi, vali ikiruhusu, ningeipigania David. Na usibebe mimba kabla hujaonana na madaktari wako.

*Niko kwenye warfarin. Eti niache sombe (kisamvu)? (Mwanga)*

Nani kakwambia! Kula, ila kiasi kilekile kila wiki. Kinachovuruga dawa ni kukaa mwezi mzima bila sombe, halafu msibani unamaliza sufuria. Ninachokiogopa zaidi ni diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya duka la dawa.

*Kuna mshipa kuvishwa soksi? (Kigoma mjini)*

Upo upasuaji huo: mshipa huzungushiwa wavu wa kitambaa kwa nje. Aliyeubuni ni mhandisi Tal Golesworthy, mwenyewe ana Marfan, na mwaka 2004 akawa wa kwanza kuvishwa, huko London. Hufaa kabla mshipa haujatanuka mno. Uliokwisha kuchanika hauvishwi.

*Wadogo zake wapimwe? (Mama wa Ujiji tena)*

Wote, mama. Mzazi akiwa na Marfan, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Hata yule mfupi, ingawa wenye Marfan wengi ni warefu.